Ngozi hufia kabatini

Watu wengi hapa Moshi wanaamini vumbi ndilo linalomaliza viatu vya ngozi. Vumbi linakera, sikatai, hasa Januari na Februari, lakini linafutika. Kinachoua ngozi ni kabati. Masika yakishapiga Machi mpaka Mei, halafu ukaingia ule ubaridi wa Juni na Julai ambapo mlima unajificha siku nyingi mfululizo, hata nguo za kwenye kamba hazikauki. Kiatu ukikifungia na unyevu wake, utakikuta kimeota ukungu. Siku jua likitoka, acha milango ya kabati wazi kutwa nzima.

Lakini kabla hujahangaika, hakikisha ulichonacho ni ngozi. Sisi wa mitumba ya soko la Memorial tunapenda kunusa, ila pua inadanganyika. Mimi natazama pale ilipokatwa: kwenye ulimi wa kiatu, au ukingo wa mkanda. Ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana. Ya bandia ina utando wa plastiki juu ya kitambaa. Hiyo ya bandia ikianza kubanduka maganda, usiipotezee mafuta yako.

Kiatu chenye ukungu kitoe nje kabisa. Ukikipigia brashi chumbani, ukungu unahamia kwenye begi lililo jirani yake. Kikishapigwa brashi kavu, kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa siki na maji, nusu kwa nusu, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana kwa sababu kuna rangi zinazotoka. Inua na soli ya ndani, ufute chini yake; wengi wanaparuka hapo, kisha wanashangaa ukungu umerudi. Baada ya hapo kianike kivulini, penye upepo.

Kivulini, si jikoni. Jirani yangu aliegemeza buti zilizolowa kando ya jiko la mkaa ili awahi nazo kazini. Zilikauka, kweli, lakini pale vidole vinapokunja zikawa ngumu kama gome, na haukupita muda zikapasuka. Nyuzi za ngozi iliyolowa hazistahimili joto: zinasinyaa, na hakuna krimu ya kuzirudisha. Jaza gazeti la jana ndani, libadilishe likilowa, basi. Kiatu chenye bitana nyeupe kiwekee karatasi isiyo na wino.

Kuhusu kiwi, nina ugomvi wa kirafiki na vijana wa stendi. "Bosi, weka mguu hapa, dakika mbili tu!" Kabla hujajibu, sponji yenye ile dawa ya maji imeshapita juu ya vumbi. Kinang'aa, ndiyo, lakini vumbi lililobaki chini linakwaruza kila brashi inapopita. Toa vumbi kwanza, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha kikauke, ndipo upake kiwi nyembamba na kusugua. Kiwi ina nta: inazuia maji na kung'arisha. Ngozi iliyokauka inataka krimu yenye mafuta, mara moja moja tu. Mafuta ya alizeti yaache kwenye kikaango. Yanachacha na kunasa vumbi.

Mikanda na mabegi ya kahawia ya mafundi wa Arusha yatazame kwa jicho lingine. Ngozi iliyosindikwa kwa magome, kama yale ya miwati inayolimwa Njombe, inakolea rangi juani na tone la maji linaacha doa. Likidondoka, lowanisha eneo lote kidogo kwa kitambaa ili likauke kwa pamoja. Begi usilifungie kwenye nailoni. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha, kinapitisha hewa.

Uzi ukianza kuachia, mpelekee fundi wiki hiyo hiyo. Mshono unarudiwa haraka, ila ngozi ikishachanika kwenye matundu ya sindano atalazimika kuweka kiraka, na kiraka kinaonekana.