Nimonia Inayorudi Palepale: Niliyojifunza kwa Kuugua Kasinoidi ya Mapafu

Kama umetibiwa nimonia ukapona, ikarudi, na kila mara eksirei inaonyesha doa upande uleule na sehemu ileile ya pafu, usiridhike na antibiotiki nyingine. Omba picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha pafu vipande kwa vipande, na umuulize daktari waziwazi kama kuna kitu kinachoziba njia ya hewa. Nasema hivi kwa sababu niliugua kasinoidi ya mapafu, na kwa muda mrefu ugonjwa wangu uliitwa pumu.

Kasinoidi ni saratani adimu. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu, wenye hii ni mmoja au wawili tu. Huanzia kwenye seli zenye uwezo wa kutengeneza homoni, zilizotawanyika katika utando wa njia za hewa, na kwa kawaida hukua polepole. Huwapata hata vijana, na watu ambao hawajawahi kuvuta sigara. Ndiyo maana haifikiriwi upesi: mgonjwa ni kijana, havuti, anakohoa, kifua kinapiga mluzi, basi anaandikiwa dawa ya pumu.

Mluzi huo ndio uliofichua ukweli kwangu. Wa pumu kwa kawaida husikika pande zote mbili za kifua, tena hupungua ukivuta dawa. Wangu ulikuwa kulia tu, na dawa ya kuvuta haikuupunguza hata kidogo. Daktari wa mapafu aliyenipokea baadaye aliweka stethoskopu kushoto, akaihamishia kulia, akarudia tena bila kusema neno, kisha akaniuliza kama nimewahi kuona damu kwenye makohozi. Nilikuwa nimeiona, nyuzi nyembamba nyekundu, zikija na kupotea. Uvimbe huu una mishipa mingi ya damu, kwa hiyo dalili hiyo usiifiche wala usiisubiri iongezeke.

Kinachofuata ni bronkoskopi. Unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, unapewa ya kukutuliza, kisha mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa hadi kwenye njia za hewa. Unakohoa, unahisi kama pumzi inakwama, lakini inavumilika. Kwenye picha niliyoonyeshwa, uvimbe wangu ulikuwa mwekundu na laini kama punje ya komamanga, umeziba karibu njia yote. Kwa kuwa kukata kipande cha uvimbe ili kipimwe kunaweza kuleta damu nyingi, taja mapema dawa yoyote unayotumia ya kuzuia damu kuganda, hata aspirini.

Majibu ya patholojia, yaani ya kipande hicho kuchunguzwa kwa hadubini, yakitoka, omba nakala na uyasome pamoja na daktari. Uliza: ni kasinoidi ya kawaida au isiyo ya kawaida? Ya kawaida ina seli chache mno zinazogawanyika, chini ya 2 katika eneo la milimita 2 za mraba, na haina sehemu zilizokufa. Isiyo ya kawaida ina kuanzia 2 hadi 10, au ina sehemu zilizokufa, na huelekea zaidi kusambaa. Mara nyingi jibu la uhakika hupatikana baada ya uvimbe wote kutolewa. Tena, kipande kidogo kilichominywa na koleo kinaweza kudhaniwa kuwa saratani ya seli ndogo, ambayo ni kali sana na matibabu yake ni mengine kabisa. Kukiwa na shaka, kipimo cha Ki-67, kinachoonyesha ni seli ngapi zinajigawanya, husaidia kuzitenganisha. Kumwomba mtaalamu wa pili aangalie sampuli ni haki yako, na kwa ugonjwa adimu kama huu mimi naona ni lazima.

Tiba kuu ni upasuaji. Mimi nilitolewa sehemu ya chini ya pafu la kulia pamoja na tezi limfu za karibu. Kwa wengine daktari hukata kipande cha njia ya hewa chenye uvimbe na kuunganisha ncha mbili, pafu likabaki. Kabla ya siku hiyo, mwambie daktari wa usingizi kama huwa unapata joto la ghafla usoni, uso kuwa mwekundu au kuhara, maana uvimbe unaotoa homoni unaweza kuvuruga shinikizo la damu mezani. Uso kuvimba na kuwa wa mviringo, kunenepa tumbo, sukari na presha kupanda kwa pamoja, nazo zitajwe.

Kwa aina ya kawaida, wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baada ya matibabu. Ikiwa imesambaa, kuna sindano za oktreotidi au lanreotidi, vidonge vya everolimusi, na kwa baadhi ya wagonjwa, dawa ya mionzi ya luteti inayofuata seli za uvimbe ndani ya mwili. Kemotherapi ya kawaida haina nguvu sana hapa, kwa kuwa seli hizi hugawanyika taratibu.

Kasinoidi inaweza kurudi hata baada ya miaka 10. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani, usiondoke bila kuandikiwa tarehe ya CT inayofuata, na picha zako zote za zamani zitunze ili zilinganishwe na mpya.