Seva ya pili ya DHCP inaweza kuwa hai na isimfae mtu

Ukiwa mgeni kwenye kazi ya mitandao na umekabidhiwa kazi ya kuweka DHCP isiyokatika (huduma inayozigawia kompyuta anwani za mtandao), usikimbilie kufunga seva ya pili. Piga kwanza hesabu ya muda wa kuazima anwani.

Kompyuta haimiliki anwani, huiazima tu. Nusu ya muda ikifika, huirudia seva iliyoiazima na kuomba nyongeza. Isipojibiwa, ikifika asilimia 87.5 hutangaza ombi lake mtandao mzima, seva yoyote iitikie. Kwa hiyo ukiweka muda wa saa 8, seva ikifa ghafla, mashine zenye anwani tayari zina walau saa 4 za kuendelea na kazi. Ukiweka dakika 10, una dakika 5 tu za kuamka na kutengeneza. Watakaoumia papo hapo ni wanaowasha mashine wakati huo. Kwenye mtandao wa wageni wanaoingia na kutoka itakubidi ufupishe, la sivyo anwani zitakwisha. Kwingineko, usiogope muda mrefu.

Somo la pili lilinitoa jasho. Tulikuwa na seva mbili zikipashana habari vizuri, hakuna onyo lolote. Usiku tukazima ya kwanza kwa matengenezo. Asubuhi, ghorofa moja nzima mashine zilikuwa na anwani za 169.254, zile ambazo mashine hujipa yenyewe ikikosa jibu. Seva ya pili ilikuwa macho, lakini katika kumbukumbu zake hapakuwa na ombi hata moja kutoka ghorofa ile. Ombi la kwanza la DHCP ni tangazo, na tangazo halivuki ruta mpaka ruta iambiwe ilipeleke wapi. Ruta ya pale ilikuwa imeandikiwa anwani ya seva moja tu. Mstari mmoja! Tangu hapo, kila mtandao mdogo ninaoufungua nazima seva moja, nawasha kompyuta ambayo haijawahi kuingia humo, naona kama inapata anwani, kisha nageuza, nazima ile nyingine.

Kibaya zaidi ni seva zote mbili kuwa hai huku waya kati yao umekatika. Kila moja itadhani nyingine imekufa, na zikigawa kutoka fungu moja, mashine mbili zinaweza kujikuta na anwani moja. Kea, programu ya seva ya DHCP, inaweza kupangiwa isiamini ukimya peke yake: husoma sekunde ambazo kompyuta huandika kwenye ombi kwamba imesubiri. Zikizidi kupanda, kweli hakuna anayejibu upande wa pili. Lakini haiwezi kuzisoma kama ruta haiipelekei maombi hayo, kwa hiyo ule mstari una kazi hapa pia.

Halafu linganisha saa za seva zako kwa NTP, itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao. Zikipishana kwa zaidi ya sekunde 60, Kea huvunja ushirikiano wa seva hizo mbili, hata kama kila kitu kingine ni kizima.