Re: Ndege anayelia kama mtoto wa mbuzi kichakani

Jambo ndugu. Umeuliza ni ndege gani analia kama mtoto wa mbuzi nyuma ya lupango yako (kiwanja cha nyumba), upande wa Kasapa hapa mjini, na kila ukisogea humuoni. Kwa sauti hiyo tu, mimi ningesema ni Camaroptera brevicaudata (jina lake la kisayansi), ndege mdogo wa vichakani. Huku Lubumbashi tunaye hata kwenye bustani za mjini, mradi majani yawe yamesongamana.

Kwanza acha kutazama juu. Inama, angalia kwenye kivuli chini ya vichaka, ndiko anarukaruka akitafuta wadudu na buibui. Mgongo kijivu, mabawa ya kijani, mkia mfupi ambao huusimamisha wima. Mwili wote sentimita kama 11. Ule mlio wa mbuzi ni wa wasiwasi, maana yake amekwisha kukuona. Kaa kimya. Dume akitulia ataanza tena wimbo wake, tik-tik-tik kavu, kali kuliko unavyotegemea kwa kiumbe kidogo vile, na hapo mara nyingi hupanda tawi la wazi kidogo.

Ukiona mkia mrefu na mstari mweupe juu ya jicho, huyo ni prinia, ndege mwingine mdogo, wa kwenye nyasi.

Na tafadhali, usifyeke kichaka ili umuone! Kiota anakishona kwa majani mabichi na utando wa buibui, karibu kabisa na ardhi.