Nyumba Iangalie Barabara au Ikwepe Jua?

SWALI: Nina kiwanja Tabora mjini, na barabara ya mtaa inapita upande wake wa magharibi. Ninataka nyumba ya vyumba vitatu isiyohitaji taa mchana wala kiyoyozi, kwani hii ninayoishi sasa kama mpangaji hugeuka tanuri kila ifikapo Septemba na Oktoba. Fundi anasisitiza kwamba madirisha makubwa ya sebule yaelekee barabarani ili nyumba ipendeze. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, katika hili usimsikilize, lakini mweleze sababu kabla hajachimba msingi, kwa kuwa bati na madirisha hubadilishwa, ilhali nyumba iliyokwisha kusimama haigeuzwi. Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo adhuhuri jua huwa karibu na utosi, likiegemea kaskazini kwa nyuzi 28 hivi mwezi Juni na kusini kwa nyuzi 18 tu mwezi Desemba. Jua la juu namna hiyo huzuiwa na upenu wa sentimita 90, mradi dirisha lisiachane mno na paa. Jua la saa kumi alasiri ndilo lisilozuilika, kwa sababu huja chini chini, likapita chini ya upenu na kufika hadi kitandani.

Kwa hiyo ilaze nyumba mashariki–magharibi na uipe barabara ubavu. Madirisha ya sebule na vyumba vya kulala yawe kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uwaachie stoo na bafu. Ukiona ubavu mtupu hauvutii, panda mwembe, mti ambao Tabora haijawahi kuuonea uhaba.

Mwanga wa dirisha hufaa hadi umbali wa kama mara mbili ya kimo cha linta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, kutoka sakafuni. Linta ikiwa mita 2.1, chumba chenye dirisha upande mmoja kisizidi mita 4 kwenda ndani, na dari ipakwe rangi nyeupe. Bati angavu la plastiki silishauri, maana huleta mwanga pamoja na joto lake.

Bati la kawaida nalo hupika hewa iliyo juu ya dari, kwa hiyo acha matundu yenye wavu chini ya upenu na mengine juu kwenye pembe za kenchi (fremu ya mbao inayobeba bati), ili hewa ya moto ipande na kutoka.

Kuhusu kuta, wazee waliojenga matembe, zile nyumba za kale za udongo, walijua faida ya udongo mnene, ingawa ndani mlikuwa giza. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku hupoa, hivyo ukuta mzito ukipozwa usiku huchelewa kupata joto kesho yake. Sharti madirisha yalale wazi. Weka nondo na wavu wa mbu, na uchague ya bawaba, kwani yale ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu, na wavu wenyewe tayari hupunguza upepo.