Miaka minne jirani yangu hakujua kama nimeokoka

Mkutano wetu wa injili ulikuwa wa siku tano, uwanja wa shule ya msingi, nami nilikuwa mweka hazina wa kamati. Tulikodi spika, jenereta na jukwaa, tukamwita mwinjilisti kutoka mkoa mwingine, tukamtafutia pa kulala. Kadi za michango nilizungusha mimi mwenyewe miezi miwili mizima. Siku ya tatu jioni, nikiwa nimebeba viti vya plastiki, nikakutana uso kwa uso na jirani yangu wa sokoni, yule anayeuza viatu vya mitumba kibanda cha pili kutoka changu. Akanitazama, akaitazama beji iliyoning'inia shingoni, akacheka.

"Dada fundi, kumbe na wewe umo?"

Nikamwambia nimo tangu utotoni. Akasema, wala hakukusudia kuniumiza, "Mimi nilijua huna habari na mambo haya. Miaka minne tunakunywa chai kwa mama mmoja!"

Viti vile sikumbuki hata nilivipeleka wapi. Usiku ule nilipiga hesabu za siku kama kawaida, jenereta kiasi hiki, mafuta kiasi hiki, chakula cha wageni kiasi hiki, na moyoni nikawa najiuliza swali moja tu. Tumechangisha fedha za watu kumleta mtu wa mbali aje kumweleza jirani yangu habari ambazo mimi nilikuwa nazo muda wote, hatua kumi kutoka anapokaa?

Sisemi mikutano haina maana. Nimewaona watu waliotoka kwenye ulevi kupitia uwanja kama ule, na mmoja wao leo ni mzee wa kanisa. Lakini kwenye sharika zetu tumejijengea utaratibu wa starehe: mchungaji anahubiri, mwinjilisti anawafuata waliopotea, kwaya inaimba, na sisi wengine tunatoa sadaka. Ni kama tumeajiri watu wa kutufanyia wokovu. Paulo anawaandikia Waefeso, sura ya 4, kwamba wachungaji na waalimu walitolewa "kwa kusudi la kuwakamilisha watakatifu, hata kazi ya huduma itendeke". Mstari huo nilikuwa naujua kwa moyo. Nilichokuwa sijaona ni kwamba kazi inayotajwa pale ni ya watakatifu, yaani mimi na cherehani yangu.

Soma pia Matendo sura ya 8, polepole. Dhiki ilipoanza Yerusalemu watu walitawanyika, na mwandishi anaongeza neno dogo ambalo ni rahisi kulipita: isipokuwa mitume. Wakubwa walibaki mjini. Waliokimbia ndio "wakaenda huko na huko wakilihubiri neno". Ukifika sura ya 11 unawakuta baadhi yao Antiokia, watu wa Kipro na Kirene, wakisema na Wayunani habari za Bwana Yesu. Majina yao hayakuandikwa. Na ni mji huohuo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Kanisa kubwa namna ile limeanzishwa na watu ambao hatujui hata waliitwa nani.

Huku kwetu mambo hayakwenda tofauti sana. Nimezaliwa karibu na Bukoba, na bibi yangu alikuwa mlokole wa zamani, wa enzi ambazo neno hilo lilikuwa bado na joto lake. Uamsho ule wa walokole, wa watu kuungama dhambi na kuokoka, ulianzia upande wa Uganda na Rwanda, na miongoni mwa watu wake wa mwanzo alikuwemo Simeoni Nsibambi wa Kampala, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya afya. Hakuwa mchungaji. Mwaka 1929 alikutana na daktari Mwingereza Joe Church pale Namirembe, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na miaka iliyofuata moto ukashika Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni. Wahudumu wa hospitali na walimu wa shule walitoka wawili watatu kwenda vijijini kusema walichotendewa. Kabla miaka ya thelathini haijaisha, habari zilikwishavuka mpaka zikaingia Kagera.

Bibi yangu hakusoma sana. Alichokuwa nacho ni kisa cha kahawa. Kabla hajaokoka alikuwa akichanganya vijiwe kwenye gunia ili lizidi uzito kwenye mzani. Alipookoka alikwenda kwa mnunuzi, akaungama, akaanza kumlipa kidogo kidogo kila msimu. Walokole ndivyo walivyokuwa: mtu alirudisha jembe la watu, mwingine alirudisha kuku, mwingine alikwenda kumwomba radhi shemeji yake waliyenuniana miaka. Watu walikuja uani kwa bibi kumuuliza kama amerogwa. Naye hakusubiri waulize mara mbili.

Sasa nirudi kwangu, maana hapa ndipo aibu ilipo. Mimi ni fundi cherehani. Mnajua sifa zetu. "Njoo Jumamosi." Jumamosi ukija: "Umeme ulikatika, njoo Jumatatu." Jumatatu kitambaa hata hakijakatwa. Jirani yangu wa viatu aliniletea kitambaa cha suruali ya Krismasi mwezi wa kumi na moja, akaipata Januari, shule zimefunguliwa na hela hana. Kwa hiyo hata kama ningemwambia habari za Yesu, angeanza kwa kuiangalia ile suruali.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, kwa yeyote anayetaka kuanza kushuhudia kazini, hauhusu Biblia. Lipa deni. Rudisha chenji ya watu. Kama ni fundi, acha kudanganya siku. Mimi nilinunua daftari, nikawa naandika tarehe ninayoiweza kweli, na mteja akija na kazi ya harusi wiki mbili kabla namwambia sitaweza. Nimepoteza wateja, sifichi. Mmoja aliniambia nimeanza kuringa.

Ila kuna mtego mwingine ng'ambo ya pili, nao nimekaa ndani yake miaka mingi. Ni ile kauli yetu tamu, "mimi nahubiri kwa maisha yangu." Mara nyingi anayeisema anaogopa. Mwenendo mzuri unamfanya mtu aulize. Haumwambii Yesu ni nani wala alikufa kwa ajili ya nani. Jirani akiona tu kwamba siku hizi hudanganyi, atahitimisha kuwa umekua, au umepata mume mkali. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, "lakini kwa upole na kwa hofu". Kujibu ni kwa mdomo.

Na kufungua mdomo ni kugumu, hasa kwa watu wanaokujua. Mimi nilianza vibaya. Wiki moja baada ya mkutano nilimwandalia jirani yangu kitu kama hubiri zima, tangu Adamu, mteja wake akiwa amesimama na kiatu mguu mmoja. Akanisikiliza kwa adabu, na siku mbili zilizofuata akawa anakunywa chai kwingine. Nilijifunza kwa hasara. Baadaye nikaona kwamba yule mtu wa Marko sura ya 5, aliyetolewa pepo kwenye nchi ya Wagerasi, hakupewa masomo yoyote. Aliambiwa aende nyumbani kwa watu wa kwao, akawaeleze mambo makuu aliyotendewa na Bwana, na jinsi alivyorehemiwa. Basi nilipopata nafasi tena nilimsimulia kitu kimoja tu: mwaka nilipompoteza mtoto, na jinsi nilivyokuwa siwezi kuomba, na nani aliyenibeba. Dakika tano hazikufika. Hakusema kitu, lakini hakuondoka.

Akikuuliza usichokijua, sema hujui. Aliniuliza mbona watu wa kanisani wanagombania uongozi kuliko watu wa vyama. Nikamwambia ni kweli, na mimi mwenyewe nimewahi kugombana. Ningeanza kulitetea kanisa ningempoteza. Aliponiuliza habari za wafu nilimwambia nitamuuliza mchungaji, nikauliza kweli, nikarudi na jibu.

Soko letu lina Waislamu wengi, na mama wa chai ni mmoja wao. Mashindano ya dini sishiriki; sijaona mtu aliyeshindwa kwa hoja mbele ya wateja wake akarudi kushukuru. Mwezi wa Ramadhani siweki nyimbo kwa sauti kubwa kibandani, na futari akinikaribisha nakwenda. Anajua ninachoamini kwa sababu aliniuliza nikamweleza, kama nilivyomuuliza yeye akanieleza.

Jambo jingine, dogo: mstari wa Biblia kwenye stetasi ya WhatsApp kila asubuhi haumhesabu mtu kuwa amehubiri. Nilikuwa naweka kila siku, na jirani yangu alikuwa anaiona, akidhani ni salamu tu za asubuhi kama maua na vikombe vya kahawa ambavyo watu huweka.

Na usifanye kazi hii peke yako. Jirani yangu alipotaka tuzungumze zaidi sikwenda nyumbani kwake peke yangu; nilikwenda na mume wangu, kwa sababu jirani ana mke, na soko lina midomo. Mume wangu hajawahi kushika kipaza sauti maishani, anatetemeka hata kusoma matangazo. Lakini wawili wale walizungumza habari za mpira saa nzima, kisha za baba zao, kisha nikasikia wanaomba. Mimi na mke wake tulikuwa jikoni tunachambua mchele.

Mtauliza kama ameokoka. Bado. Amekuja jumuiya mara mbili, mara ya tatu akasema ana mzigo wa kupokea, na mzigo kweli ulikuwepo, niliuona. Simsukumi. Wiki iliyopita ameniletea kitambaa kingine cha suruali, safari hii cha kijana wake anayepata kipaimara kwenye usharika wa kwao mkewe. Kwenye daftari nimeandika Alhamisi saa kumi. Leo ni Jumatano na bado pindo na vifungo, kwa hiyo naishia hapa.