Kwa nyie mnaoanza kuchora katuni: anzeni na maneno, mchoro baadae

Wadogo zangu wa Mbeya na kokote mlipo, mara nyingi kijana ananiletea daftari lake niangalie, na karibu wote wana tatizo moja. Mkono upo. Misuli imetiwa kivuli vizuri, Mlima Loleza kwa nyuma umechorwa mpaka mti mmoja mmoja, ila ukianza kuisoma hiyo katuni hujui imeanzia wapi, nani kasema nini, na imeishia wapi. Naongelea katuni ya fremu fremu hapa, sio kibonzo cha picha moja kama vile vya Masoud Kipanya au Gado kwenye magazeti. Kibonzo cha picha moja msomaji anakipiga jicho mara moja kinaingia. Cha fremu nne lazima umshike mkono umpitishe.

Mi hili nimelijulia Mwanjelwa. Nilikua nimechora katuni ya fremu nne ya abiria na konda, nikampa mama anayeniuziaga chai na chapati asubuhi nikamwambia mama nisomee kwa sauti. Akafuta mikono, akashika karatasi, akasoma taratibu kama mtu anasoma barua. Kwenye fremu ya pili konda nilimweka kushoto kwasababu mlango wa daladala uko kushoto, abiria kulia. Sasa abiria ndio anauliza, konda anajibu. Mama akasoma, "Imejaa, subiri nyingine," afu ndo, "Kaka, hii ya Uyole?" Akanyamaza. Akarudi juu akasoma tena, ikatoka vilevile. Akanirudishia karatasi akasema, "Mwanangu picha nzuri, ila sijaelewa." Na ile daladala nilikaa nayo siku tatu, mpaka mikwaruzo ya bampa niliichora.

Kwaiyo hilo ndo la kwanza na kwangu ndo kubwa kuliko yote: anayeanza kuongea mweke kushoto. Ikishindikana, puto lake la maneno (kile kiduara kinachobeba anachosema) lipande juu kuliko la mwenzake, kwasababu sisi tunasoma kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini, jicho litaenda huko hata umwambie lisiende. (Waliojifunza kwa kuangalia manga, zile katuni za Japan, mjiangalie hapa, zile asili yake zinasomwa kulia kwenda kushoto, ukikopi mpangilio wake kichwa kichwa utajikuta majibu yanatangulia maswali.) Na hii kitu huwezi kuirekebisha ukishapiga wino. Ndo maana nasema maneno kwanza.

Navyofanya sasa hivi: nachukua karatasi ya hovyo, nachora viboksi vinne vidogo kama stempu, watu ni vijiti tu, naandika nani anasema nini. Dakika kumi. Nikiona haijakaa natupa nachora vingine, na siku nyingine natupa hata mara sita kabla sijagusa karatasi nzuri. Mtu akikwambia anachora moja kwa moja bila hivyo viboksi, ama ana miaka mingi sana kwenye kazi ama ananyamazia karatasi alizoharibu.

Ngoja niwaonyeshe moja kuanzia mwanzo. Nilitaka kuongelea lumbesa, maana wote tumeona huku, mkulima wa viazi anashona gunia lake vizuri afu dalali anataka lijazwe mpaka liote kichwa juu, na bei ibaki ileile ya gunia moja. Mara ya kwanza kwenye fremu ya kwanza dalali nilimwandikia hivi: "Mzee wangu habari za leo, mimi ni dalali kutoka sokoni nimekuja kununua viazi vyako lakini naona gunia lako halijajaa vizuri kwaiyo naomba uongeze kidogo." Maneno 24. Puto limekula nusu ya fremu, mkulima amebaki kichwa tu kwenye kona. Nikakaa nikajiuliza, humu kipi naweza kukichora badala ya kukisema? Kwamba ni dalali: mpe kidaftari, kalamu sikioni, simu mbili. Kwamba ni shambani: matuta ya viazi na gunia. Salamu: haisogezi kitu, itoke. Ikabaki "Ongeza kidogo mzee." Maneno matatu.

Fremu ya pili gunia limepanda, dalali anasema "Kidogo tu." Fremu ya tatu hakuna neno hata moja, gunia limepita mlango wa nyumba, dalali yuko juu ya ngazi anakandamiza. Ya nne shamba ni tupu, mzee ameshika kamba mkononi, anasema: "Viazi vimeisha. Niingie mimi?"

Angalieni ile fremu ya tatu. Hicho kimya ndo kinaibeba ya nne. Mwanzoni nilimwekea dalali neno pale pia nikasoma nikaona imelala, nikatoa. Na lile la mwisho, neno lenye uzito kaeni nalo mpaka likae mwisho wa sentensi. Ungesema "Mimi niingie kwenye gunia kwasababu viazi vimeisha?" maana ni ileile ila hamna mtu atacheka, sababu umeshampa kila kitu kabla hajafika.

Kuna kitu kingine cha lugha yetu ambacho hamtakipata kwenye video za Wazungu za kufundisha kuchora. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Mzungu anaandika vineno vyake vifupi vifupi vinapangana kwenye puto jembamba, sisi tuna "hatutakubaliana" na "wamekwishaondoka", neno moja linajaza mstari. Ukichora puto kwanza afu ukalazimisha maneno yaingie utaishia kubana herufi mpaka zisisomeke. Andika maneno kwanza kwa penseli, zungushia puto baadae, achia nafasi pembeni. Ikibidi kukata neno kata kwenye silabi, wamekwi-shaondoka sawa, wamekw-ishaondoka hapana, msomaji anajikwaa. Ila mi kwa kawaida nabadilisha tu neno, "wameshaenda", yameisha.

Na milio! Vijana wangu acheni kuandika milio ya kizungu. Kiswahili kina milio inayokwambia mpaka mtu kaangukia wapi. Majini ni chubwi, mchangani tifu, kwenye matope tapwi, sakafuni pu. Mtu akiteleza mwezi wa nne Uyole na tope lote lile afu ukamwandikia mlio wa bastola wa sinema, umeacha mali nyumbani. Hivohivo lugha za kwetu, mhusika wangu mmoja bibi wa Tukuyu anasema "ndaga" badala ya asante, na msomaji wa Dodoma anaelewa tu kwasababu bibi amepokea kitu mkononi. Mchoro ndo unatafsiri.

Vifaa nitapita haraka maana watu wanajifichaga huko. Penseli ya HB, rula, ufutio laini, kalamu nyeusi isiyosambaa ikigusa maji, karatasi za A4 zile nzito kidogo. Basi. Ukiwa na simu tu, programu ya kuchorea ya ibisPaint inatosha kuanzia, wa kompyuta kuna Krita, ni ya bure. Ukichora kwenye karatasi na huna skana piga picha mchana nje kivulini, sio chini ya taa, ukipeleka kuskani steshenari waambie dpi 300 (yaani nukta kwa inchi) kushuka chini hapana, na kama ni nyeusi na nyeupe tupu waambie 600.

Vipimo ndo muhimu zaidi. A4 ikilala ina sentimita 29.7, mi nachora ukanda wa sentimita 27 kwa 9, fremu nne za sentimita 6.3 na kati yake milimita 6. Herufi milimita 4.5. Kwenye gazeti ukipunguzwa mpaka sentimita 18 herufi inabaki milimita 3, inasomeka. Ila siku hizi msomaji yuko kwenye simu, upana wa kioo ni kama sentimita 7, huo ukanda ukiingia humo herufi inabaki milimita moja na kitu, hata mtu wa macho mazima haoni. Kwaiyo kwa ajili ya simu panga mbili juu mbili chini, au kila fremu picha yake.

Hakimiliki: kazi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo, lakini nyie wekeni sahihi ndani ya mchoro kabisa, sio pembeni, na tunzeni karatasi ya asili na tarehe. Kuna watu waliwahi kuchukua mhusika wangu wakamkata wakamweka kwenye bango la biashara yao, na sahihi nilikua nimeweka kwenye pindo, wakaikata na pindo lenyewe. Iliniuma sana.

Ile ya lumbesa nilimpelekea yule mama wa Mwanjelwa. Akasoma kwa sauti tena, ya kwanza, ya pili, ya tatu akanyamaza anaangalia tu, ya nne akasoma. Hakucheka. Akaniuliza, "Sasa huyu mzee, mbegu ya msimu ujao atatoa wapi?" Nikakaa palepale kwenye benchi nikageuza karatasi, nikaanza kuchora viboksi vinne.