Chupa ya maji si ya mafuta ya taa: majibu ya maswali yenu

*Dada mfamasia, mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alikunywa mafuta ya taa yaliyokuwa kwenye chupa ya maji. Jirani akaniambia nimpe maziwa atapike. Nikampa, akatapika, halafu akaanza kukohoa na kuhema mbiombio. Hospitali wakamlaza siku 4, wakasema ni nimonia. Nilikosea wapi? – Mama, Mbagala*

Pole sana mama, na asante kwa kumkimbiza hospitali. Jirani alikutakia mema, ila ushauri huo umeenea mno na unaumiza watoto. Mafuta ya taa ni mepesi na yanateleza. Hatari yake kubwa haiko tumboni, iko mapafuni. Mtoto anapotapika, yanapanda tena kooni, na kiasi kidogo tu kikiingia kwenye njia ya hewa kinaunguza mapafu. Hiyo ndiyo nimonia uliyoambiwa. Maziwa hayaui sumu hiyo; yanajaza tumbo, na tumbo likijaa mtoto hutapika upesi. Kidole kooni na mayai mabichi ni vivyo hivyo. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi, kwa sababu chumvi ikizidi mwilini mwa mtoto mdogo yenyewe inaweza kumletea degedege.

Likitokea tena, Mungu apishe mbali, mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni, kisha nendeni kituo cha afya na hiyo chupa mkononi. Akiwa analegea au amezimia, mlaze ubavu. Hata kama hakohoi mpeleke, maana dalili huchelewa, na huko watamwangalia kwa muda wa saa 6 au zaidi.

Sasa hiyo chupa. Mtoto wa umri huo hasomi lebo. Anachojua ni kwamba chupa ya namna ile ndiyo mama anayomnyweshea maji. Dukani tunapimiwa mafuta kwenye chupa yoyote tuliyokwenda nayo, na mimi jambo hili linaniuma kila ninapoliona. Tafuta kidumu kimoja kisichofanana na chombo chochote cha kunywea, kiwe cha mafuta ya taa tu, kikae juu, ndani ya kabati linalofungwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na dawa ya shambani zibaki kwenye makopo yake zilimonunuliwa, hata kama ni tone lililobaki.

*Mjukuu wangu ana miaka 2. Mama yake ni mjamzito, alipewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, na mtoto akavimeza, hatujui vingapi. Alitapika na kuharisha, lakini jioni alikuwa anacheza. Daktari akakataa kumruhusu mpaka kesho yake. Kulikuwa na haja? – Bibi, Songea*

Shikamoo bibi. Haja ilikuwepo, tena kubwa. Kidonge kimoja cha kliniki huwa na madini ya chuma kama miligramu 60. Kwa mtoto wa kilo 12, vidonge 4 vinaweza kumletea dalili za sumu, na vikifika 12 maisha yake yako hatarini. Chuma hushambulia tumbo na utumbo kwanza, ndiyo kutapika na kuharisha mlikoona. Kisha huja kipindi cha utulivu, mtoto akacheza na hata kula, huku chuma kikiendelea kuumiza ini na moyo. Baada ya hapo hali inaweza kubadilika ghafla. Daktari wenu alikuwa anasubiri kipindi hicho kipite.

Vidonge hivi mara nyingi ni vyekundu na vina ganda tamu, na hutolewa kwenye kifuko kinachofunguka kwa mkono wa mtoto. Mwambie mama yake avihamishie mahali pa juu leo hii. Na sote tuache kumwambia mtoto "njoo nikupe pipi" tunapompa dawa. Anaamini tunachomwambia.

*Kijiko cha chai cha nyumbani kinafaa kupimia sirapu ya paracetamol? – Baba, Dodoma*

Hapana, vijiko vyetu havilingani. Tumia kikombe kidogo kilichokuja na dawa, au omba duka la dawa wakupe bomba la sindano lisilo na sindano. Dozi huenda kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Sirapu nyingi zina miligramu 120 katika mililita 5, hivyo mtoto wa kilo 10 anatosheka na mililita 5. Soma lebo ya kwako, maana zipo zenye nguvu zaidi. Zipite angalau saa 4 kati ya dozi na dozi, zisizidi dozi 4 kwa siku. Na andikeni saa kwenye karatasi ukutani: nimeona nyumba ambayo mama alimpa, dada wa kazi akampa, na bibi naye akampa, kila mmoja akidhani ni wa kwanza.

*Jino linanitesa. Tangu juzi nameza paracetamol 2 kila baada ya saa 4 usiku na mchana, pamoja na dawa ya mafua. Sisikii vibaya. – Kijana, Mwanza*

Acha sasa hivi na uende hospitali leo. Vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 4 ni vidonge 12 kwa siku, na mtu mzima hatakiwi kuzidi 8. Dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani. Inapozidi huharibu ini, na siku ya kwanza unaweza usihisi chochote. Dawa ya kuzuia madhara ipo, ila kila saa unayochelewa inapunguza kazi yake. Jino likatazamwe baada ya hapo.

*Naruhusiwa kuchanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi ili uchafu utoke? – Mama, Tanga*

Usifanye hivyo kamwe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha utakohoa hadi ushindwe kupumua. Ikikutokea toka nje upate hewa, na kama kifua kinabana nenda hospitali.

*Nusu chupa ya amoksilini ya mtoto imebaki tangu mwezi wa nne. Niitunze? – Mama, Kigoma*

Hapana. Dawa ya unga ikishakorogwa na maji huwa na siku chache tu, mara nyingi 7, lebo itakuambia. Irudishe kituo cha afya au uliza duka la dawa namna ya kuitupa. Safari nyingine mpe dozi yote aliyoandikiwa, na akikohoa tena apimwe upya.